Kigari Kilichogoma Kuamka

Nyie vijana mnaoshika spana sasa pale kibandani kwangu Bariadi, nawaachia swali moja. Mteja akileta chombo, msimwulize kina ugonjwa gani. Angeujua ugonjwa angekileta cha nini? Mwulizeni kinaamkaje.

Swali si langu. Ni la Mzee Shija, aliyenifundisha kazi. Ujana wake aliumalizia kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akitunza ile mikanda mirefu iliyokuwa inazungusha mashine, halafu akafungua gereji yake karibu na soko. Asubuhi alikuwa anaisogelea mashine ya mteja, anaigonga kwa kiganja kama mtu anayemgonga rafiki begani, anasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Kisha ananyamaza, kichwa kimeinama, kana kwamba anangoja iitikie salamu. Wateja wageni walikuwa wanaangaliana. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya pipa nicheke. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa aliyekuwa anangojewa ni mteja. Mtu akikaa kimya na fundi kwa muda, lazima aanze kusema mwenyewe: "Ila mzee, ilivyo ni kwamba ikipanda mlima ndiyo inakohoa." Hapo Mzee Shija alikuwa anavuta kigoda. Kazi imeanza.

Kwake nilifika nikiwa mtoto. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata kabla ya mavuno, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, darasa la sita likaishia hapo. Wadogo zangu wengine walikuwa wanaweza kubaki nyumbani wakaangaliana. Wa mwisho, Masanja, nilimfunga mgongoni. Homa ilikuwa imemwacha na mguu wa kushoto usio na nguvu. Nilienda kuomba kazi ya kuosha vyuma.

Mzee Shija aliniangalia, akamwangalia na mtoto. "Na huyo wa mgongoni naye anatafuta kazi?"

"Huyu amekuja kupumzika," nikamjibu.

"Basi mweke pale kwenye gunia. Asile nati."

Alikula moja. Ilitoka yenyewe, tukaiosha, ikarudi kazini. Mpaka leo nikitaka kumnyamazisha Masanja mbele za watu, namkumbusha ile nati.

Fundi wa aina yangu hastaafu kwa barua. Vidole ndivyo vilivyonistaafisha. Siku moja nilishika nati ndogo ikaanguka, nikaiokota ikaanguka tena, nikaelewa. Nikawaita nyie, nikawapa funguo. Kwa hiyo haya ninayoandika chukueni kama sehemu ya vifaa nilivyowaachia, na leo nataka niwaeleze klachi ya mkanda, maana nimewaona mkiizunguka kwa woga kama kuku wanaozunguka chatu.

Pikipiki ya kawaida mnaijua. Mkono wa kushoto unashika klachi, mguu wa kushoto unabadili gia. Vile vigari vidogo vya matairi manne, vya kupita porini, vingi havina mambo hayo. Kuna puli ya mbele iliyoshikwa na injini, puli ya nyuma iliyoshikwa na sanduku la gia, na mkanda mpana wa mpira kati yake. Kila puli ni kama sahani mbili zilizogeuziana migongo. Sahani zikiachana, mkanda unazama katikati. Zikisogeleana, mkanda unasukumwa kupanda ukingoni. Ndani ya puli ya mbele kuna vyuma vizito vidogo. Injini ikizunguka kwa nguvu, vinatanuka na kuisukuma sahani moja isogelee nyingine, zinaubana mkanda, chombo kinaondoka. Injini ikitulia, springi inairudisha ile sahani nyuma, mkanda unaachiwa.

Shikeni hili. Chombo kikiwa kimesimama, mkanda ukae chini kwenye puli ya mbele, na ukae juu kwenye puli ya nyuma. Kikiwa mbio zinabadilishana. Ukifungua kifuniko cha chombo kilichozimwa ukaukuta mkanda uko juu puli ya mbele, umebanwa kabisa, ujue sahani haikurudi. Klachi imekwama. Ukiwasha na kuingiza gia, injini inakuta tayari imefungwa kwenye magurudumu. Kitaruka, kitazima. Au gia itakataa kuingia hata ukiitukana. Na mtu asiyejua atakwambia gia imekufa.

Hivyo ndivyo Masanja alivyoambiwa.

Alishakuwa mtu mzima wakati huo, na alikuwa amehamia Bukundi, kule Meatu kwa wafugaji. Alipanga chumba kwenye boma la bibi mmoja, Bibi Minza, akaanza kazi ya kukusanya maziwa nyumba kwa nyumba na kuyapeleka kituoni. Kabla yake maziwa yalikuwa yanapelekwa na bodaboda, lakini mvua zikianza, ule udongo mweusi wa mbugani unashika tairi mpaka pikipiki inabaki imesimama peke yake bila kuegemezwa. Watu walikuwa wanarudi kunywa walichoweza, mengine wanayasukasuka kupata samli. Kila nyumba ilikuwa na samli ya kugawa.

Kambi moja ya watalii huko karibu ilipofunga shughuli, ikauza vyombo vyake. Sisi ndugu tulichanga tukamnunulia Masanja kigari. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile. Mafuta ni kwa kidole gumba, breki kwa mkono, gia ni kishikio kimoja. Mguu wake wa kushoto haukutakiwa kufanya chochote zaidi ya kupanda na kushuka. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chombo ambacho, akikikalia, hana tofauti na mtu mwingine yeyote. Akafunga tela nyuma la kubebea madumu, na watu wa Bukundi wakaanza kupanga asubuhi zao kwa kumngoja yeye.

Ndipo siku moja akanipigia simu.

"Dada, nakuja nyumbani."

"Karibu. Unakuja lini, unarudi lini?"

"Nakuja tu."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaiweka chini. "Kigari kina nini?"

"Gia imekufa. Fundi wa huku kasema ni sanduku zima, na halipatikani. Kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na lori siku ya mnada. Nimeshamwambia akichukue."

Ningeweza kumwambia haya, njoo. Chumba chake kilikuwepo, godoro lake lilikuwepo, na moyo wa mtu aliyelea haukatai mtoto kurudi. Lakini nilimjua. Akirudi bila kazi atakaa kwenye benchi la gereji akichambua nati, kila mteja atamwonea huruma, na baada ya muda ataanza kujionea huruma mwenyewe. Nikamwuliza swali la Mzee Shija.

"Kinaamkaje?"

"Hakiamki, dada. Alfajiri nakiwasha vizuri, nikiweka gia kinaruka kama chura, kinazima. Narudia, kinaruka, kinazima. Nikingoja jua lipande kinaenda tu. Lakini jua likipanda maziwa yameharibika. Watu wameanza kumwaga."

"Gia iliyokufa haifufuki ikiota jua," nikamwambia. "Usimpe mtu. Nakuja."

"Nimeshatoa neno."

"Neno ulilitolea chombo kilichokufa. Ngoja nije nione maiti."

Nikafunga vifaa kwenye kiroba, nikapanda basi la Mwanhuzi, halafu bodaboda. Nilifika mchana. Bibi Minza akanipokea na salamu ndefu ya kwetu, nikaitikia yote, maana huko ukikata salamu katikati hata kisima hawakuonyeshi. Nikakikalia kigari, nikakiwasha, nikaweka gia. Kikaenda. Nikazunguka nacho zizi la ng'ombe kama bibi harusi. Masanja akawa anatazama chini kwa aibu, kama mtoto aliyesema anaumwa halafu daktari akamkuta hana joto.

"Naapa dada, asubuhi hakiendi."

"Nakuamini. Ndiyo maana leo sikifungui."

Hapo ndipo vijana wengi mnapokosea. Mnakuta chombo kimepona, mnakifungua hivyo hivyo kwa sababu mmesafiri na mnataka kuonekana mnafanya kazi. Ugonjwa unaokuja alfajiri utafute alfajiri. Nikanywa uji, nikalala.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Meatu ya kiangazi inayoingia kwenye mifupa. Masanja akawasha, akaweka gia, kigari kikaruka, kikazima. Nikashangilia peke yangu. Nikatoa kifuniko cha mkanda, na kabla sijaona kitu, nikasikia harufu.

Gereji ina harufu zake. Petroli, mpira ulioungua, chuma kilichochoka. Hii ilikuwa harufu ya jikoni. Ilikuwa harufu ya wali wa sikukuu.

Mkanda ulikuwa juu kabisa kwenye puli ya mbele, umebanwa, unang'aa kama uso wa mtu aliyepakwa mafuta. Na kila mahali ambapo sahani inatakiwa iteleze kulikuwa na uji mzito mweusi, mafuta na vumbi vimekandwa pamoja vikawa kama ugali uliolala. Nikaukuna kwa kucha, nikaunusa tena.

"Masanja, umepaka nini humu?"

"Sijapaka kitu. Sijawahi hata kukifungua."

Wakati huohuo Bibi Minza akatokea kwenye ua, ameshika kibuyu kidogo kilichotoka kuota moto jikoni. Alipoona kifuniko kiko chini uso wake ukafunguka.

"Ee, leo mmekipasua tumbo? Afadhali. Ngoja nikiwekee moja kwa moja, nisihangaike na lile bomba." Na akakiinamisha kibuyu.

Nilimdaka mkono. Sijawahi kumdaka mtu mzima mkono kwa kasi ile. "Mayu! Mama, ngoja kwanza. Unakiwekea nini?"

"Samli. Si kinalia? Kila asubuhi kilikuwa kinalia iii, iii, kama mkokoteni. Mkokoteni ukilia utauacha?"

Lazima niwaeleze, maana wengine mmezaliwa mjini. Kwa wenye mikokoteni ya ng'ombe, ekseli ikilia ni aibu ya mwenye mji. Maana yake unamtesa ng'ombe na hutunzi chombo. Kwa hiyo kila mkokoteni una kikopo au kibuyu cha mafuta kinachoning'inia, na anayeusikia ukilia anaupaka, hata kama si wake. Ni adabu tu, kama kumfukuzia jirani mbuzi shambani. Sasa kile kigari kilipoanza kulia, mkanda ukiteleza kidogo kwa umande wa alfajiri kama mikanda yote inavyofanya, Bibi Minza akatafuta pa kupaka. Akaona bomba la hewa karibu na kiti, linalovuta pumzi ya kupozea mkanda. Akaweka mkono, akasikia upepo unaingia. Akasema, kumbe huku ndiko kinakohemea. Akamimina.

"Ukamimina mara moja?" nikamwuliza.

"Siku zikienda naongeza. Na si mimi peke yangu. Kwa mama Nkwimba nao wanaweka. Na kule mwisho anakochukulia dumu la mwisho wanaweka. Tuliambiana. Masanja akiingia ndani kupima maziwa, sisi tunakipa kidogo." Akakunja uso. "Lakini ni kibishi. Kila tukikipa kinalia zaidi. Tukaona labda ni kidogo, tukaongeza."

Masanja alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, nami sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote.

Mmeona mambo yalivyokwenda? Mkanda unaishi kwa ukavu. Mzee Shija alikuwa anaturudia maneno hayo kila siku, maana kwenye kinu cha pamba tone la mafuta likianguka kwenye mkanda, kazi ya zamu nzima imelala. Mkanda ukilia, unaufuta na kuukausha. Ukiupaka mafuta unateleza zaidi, ukiteleza unalia zaidi, na mwenye huruma anaongeza mafuta. Samli inakusanya vumbi, vumbi linakuwa gundi. Mchana yote hayo ni laini, sahani inateleza na kurudi. Usiku wa baridi samli inaganda kama inavyoganda kwenye kibuyu. Alfajiri injini ya baridi ikiwashwa inazunguka kwa nguvu, vile vyuma vinaisukuma sahani, nayo inanata hapohapo. Springi inajaribu kuirudisha, haina nguvu za kutosha. Jua likipanda, samli inayeyuka, kigari kinaamka. Hakuna aliyekiroga na hakuna gia iliyokufa.

Bibi Minza alikuwa bado amesimama, kibuyu mkononi, anangoja kuruhusiwa. Ningesema nini? Kwamba upendo wa kitongoji kizima ndio uliomkosesha Masanja kazi? Nikamshukuru tu, "Wabeja, mayu. Leo kimeshiba."

"Basi kesho," akasema, akaenda zake.

Sasa kazi yenyewe. Puli ya mbele msiivute kwa mikono, na msithubutu kuigonga kwa nyundo. Mzee Shija aliwahi kugonga puli ya mashine ya kusaga akiwa na haraka ya kuwahi msiba. Kipande kikaruka, kikapita kwenye sufuria ya mke wake, kikatokea upande wa pili. Sufuria alinunua nyingine. Ile puli iliyomeguka aliitundika mlangoni, na mteja mwenye haraka alikuwa anaonyeshwa kwanza. Puli inatolewa kwa boliti yake ndefu, inayoingia pale katikati na kuisukuma taratibu. Yangu nilichongewa na fundi wa vyuma hapo Bariadi, imo kwenye lile sanduku jekundu. Ikipotea nitajua tu nani kaipoteza.

Ukishaitoa, weka alama kwa rangi kwenye kila kipande kinachokutana na mwenzake, ili kirudi kilivyokuwa. Kifuniko cha puli kimekalia springi, kwa hiyo legeza boliti zote kidogo kidogo kwa zamu, ukiwa umekibana. Usiweke uso juu yake. Vyuma vile vizito na mhimili nilivisafisha kwa petroli kivulini, mbali na jiko la Bibi Minza, nikavikausha mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Uso wa sahani unaogusa mkanda nilimalizia kwa spiriti ya duka la dawa na msasa laini. Mkanda niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikauanika. Ulikuwa haujaungua wala kuchanika, bahati yetu. Ukikuta mkanda una mahali palipolika zaidi ya pengine, utupe, usibembeleze. Na una mshale wa kuonyesha upande unaozungukia. Ufuateni.

Najua mna simu. Mmoja wenu alinionyesha video ya jamaa anatengeneza klachi kama hii akiwa amevaa glavu nene, theluji imemfika magotini, anapulizia dawa ya kopo ambayo Bariadi nzima haipo. Nilimtazama mpaka mwisho, na anafanya vizuri, nilijifunza kwake namna ya kukaza kwa mpangilio. Tazameni tu. Lakini kwenye ile theluji yake hayupo Bibi Minza.

Nilikuwa nimetandaza vipande vyote kwenye gunia, kama dagaa, lori likaingia uani kwa bibi. Mnunuzi akashuka. Mtu wa maneno mengi, tumbo mbele.

"Aa, mama! Wewe ndiye unayenisaidia kukivunja? Hivyo vipande ndivyo rahisi kupakia."

"Nakiosha," nikasema.

"Chuma chakavu hakioshwi."

"Ndiyo maana nakiosha."

Akacheka, akamgeukia Masanja. "Mdogo wangu, ulinipa neno. Nimechoma mafuta mpaka huku."

Nilifungua mdomo nimjibu. Tangu utotoni, mtu akimsogelea Masanja kwa sauti kubwa, nilikuwa najibu mimi. Lakini Masanja alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo yake.

"Neno lipo palepale," akasema. "Nilikwambia kimekufa. Njoo kesho alfajiri kabla hakijapata jua. Kikizima, pakia mwenyewe, na chai utakunywa. Kikienda, utakunywa chai tu."

"Alfajiri? Mimi?"

"Si una shemeji hapa mnadani? Lala kwake."

"Na huyu bibi fundi hatakifunika blanketi usiku kisipate baridi?"

"Kitalala nje," nikasema. "Kama sisi tulivyolalaga."

Nikaunganisha mpaka jua likashuka. Nilipomaliza, niliizungusha puli kwa mkono, nikaibana ile sahani na kuiachia. Ikarudi yenyewe, bila kunata. Sauti ile ndogo ya chuma kurudi mahali pake sijui niwaelezeje. Mtaisikia siku yenu. Lakini nilijua pia kuwa mchana kila kitu kilikuwa kinarudi. Kesi ilikuwa ya asubuhi.

Alfajiri tulikuwa wote uani. Mnunuzi alikuwa amejifunga shuka la shemeji yake mpaka masikioni. Umande ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kigari. Masanja akaufuta kwa mkono wa shati. Nikakigonga kwa kiganja. "Mwangaluka."

"Unaongea na nani?" mnunuzi akauliza.

"Nyamaza, kinafikiri."

Masanja akawasha. Injini ikanguruma taratibu. Akaweka gia. Ikaingia, tk, kama mlango wa kabati zuri. Na kigari hakikwenda popote. Hakikuruka, hakikuzima, kilisimama tu kinanguruma. Mnunuzi akadhani ameshinda, akapiga hatua kuelekea kwenye lori. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, maana klachi iliyo hai ndivyo inavyofanya. Inangoja.

Masanja akabonyeza kidole gumba, kikaondoka. Akatoka nje ya ua, akazunguka mti wa mgunga, akarudi, akasimama mbele yetu. Kimya. Hakuna iii, hakuna chochote, matairi tu juu ya majani makavu.

"Basi nipeni chai," mnunuzi akasema.

Ndipo Bibi Minza akatoka na kibuyu chake.

Nilikuwa nimepanga maneno usiku. Nilikuwa na hotuba nzima ya mikanda na ukavu, niliyoipamba kwa heshima mwanzo na mwisho ili asijisikie vibaya. Sikupata nafasi ya kuitoa. Masanja alishuka, akamshika bibi mkono, akamzungusha mpaka nyuma kwenye tela. Akapiga magoti taratibu kwa ule mguu wake, akamwonyesha ekseli.

"Bibi, anayebeba maziwa yenu ni huyu. Huyu ndiye anayechoka. Yule wa mbele hali samli, inamletea tumbo. Huyu hapa anaipenda."

Bibi Minza akainama, akaitazama ekseli. Akachovya vidole, akapaka mahali hasa panapotakiwa, huku na huku, kwa ustadi wa mtu aliyepaka mikokoteni tangu utoto. Mimi mwenyewe nisingeipaka vizuri vile. "Kumbe tulikuwa tunamlisha asiye na njaa," akasema. "Nitawaambia wenzangu."

Nilibaki nimesimama na hotuba yangu. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mtoto wa mgongoni, nikakuta pale pana mtu wa watu, na watu wake anajua kuongea nao. Nikainama kukusanya spana ili wasinione uso.

Madumu yakapakiwa. Masanja akawasha tena, tayari kuondoka, na Bibi Minza akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Sasa hakilii."

"Hakilii, bibi. Kimepona."

"Na sisi tutajuaje kuwa umefika? Kilikuwa kikilia kule bondeni, mama Nkwimba anaanza kukamua, akimaliza uko mlangoni. Leo utapita kama mwizi."

Mnunuzi, kikombe mkononi, akasema labda afunge redio. Bibi Minza aligeuka. Aliingia ndani, tukasikia vitu vinahamishwa, akatoka na kengele ya shaba, ile ya kumfunga ng'ombe anayeongoza kundi, imechakaa mpaka mdomo wake umekuwa mwembamba.

"Ilikuwa ya dume langu jekundu," akasema. "Lilikuwa linajua njia zote hizi." Akaifunga mwenyewe kwenye tela, kwa kamba ya ngozi.

Masanja akaondoka. Tulimsikia akishuka bondeni, kengele inapigapiga, kisha kwa mbali tukasikia ndoo inagonga ndoo kwa mama Nkwimba. Watu walikuwa wameanza kukamua.

Huko Bukundi yupo mpaka leo. Mkanda ameshabadilisha mwenyewe, na boliti ya kutolea puli ameomba nimchongeshee yake. Nimemchongeshea. Nyie mnaokaa kibandani mkikuta chombo kimeharibika kwa kupakwa kitu, kumwagiwa kitu, kufungwa kamba mahali pasipofaa, msianze kwa kuuliza nani amekiharibu. Ulizeni nani anakitunza. Mara nyingi ni mtu huyohuyo, na mtahitaji awe upande wenu mkishaondoka.

Mimi sasa naamka alfajiri bila sababu, mazoea tu. Nakaa na chai yangu, vidole vimekunja kikombe. Siku nyingine simu inatikisika mezani, ujumbe wa sauti kutoka kwa Masanja. Hasemi kitu. Ananyoosha simu nyuma kuelekea kwenye tela, na ninaisikia kengele ya lile dume jekundu ikishuka bondeni.